Mkono Mmoja Haulei Mwana

Wazee wetu walituachia mithali isemayo kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mithali hii twaipenda sana, nasi huitamka kila tuonapo kijana aliyepotoka. Twatikisa kichwa, twasema, “Mwacheni, ulimwengu utamfunza,” kisha twashika njia yetu. Lakini liko neno moja ambalo hatujiulizi: huo ulimwengu ni nani? Je, si yule fundi seremala wa mtaa wa pili? Si yule mwalimu mstaafu, na yule mama mwenye duka, na mjomba wa kijana mwenyewe? Naam, ulimwengu ni mimi na wewe. Basi, kabla ya kumkabidhi kijana kwa ulimwengu, yatupasa tuulize ulimwengu huo unamfunza nini, au kama unamfunza neno lo lote.

Juma hili twataka kutazama ulezi wa vijana, wala si ule wa baba na mama, ambao tumekwisha kuusemea mara nyingi, bali ule unaofanywa na mtu mzima asiye mzazi. Hoja yetu ni moja, nayo twaieleza mapema ili kila msomaji aipime mwenyewe: kila kijana, pamoja na wazazi wake, anahitaji mtu mzima mwingine anayemjua kwa jina, anayempa kazi ya kweli ya kufanya, na anayekaa naye muda wa kutosha. Kijana akimpata mtu huyo, hata nyumba yenye shida nyingi yaweza kutoa mtu mwema. Akimkosa, hata nyumba njema yaweza kuelemewa.

JAMBO HILI SI GENI KWETU

Wengine hudhani kwamba kumwekea kijana mlezi ni mtindo mpya uliotoka ng’ambo. La hasha! Lugha yetu yenyewe inashuhudia. Katika Waswahili wa pwani, kijana alipofikia umri wa kuvuka utoto alikabidhiwa kwa mtu aliyeitwa somo, au kungwi. Mtu huyo hakuwa mama wala baba. Kazi yake ilikuwa kumweleza kijana yale ambayo mtoto huona haya kumwuliza mzazi, na mzazi huona haya kumwambia mwanawe. Wala kazi hiyo haikukoma siku za jando au unyago zilipokwisha. Binti alipoolewa, somo wake aliendelea kuwa mtu wa kumwendea neno lilipomzidi.

Tena angalia mafundi. Anayejifunza kazi kwa fundi huitwa mwanagenzi, kama vile anayejifunza shuleni aitwavyo mwanafunzi. Maneno yote mawili yanaanza na mwana. Wahenga waliona kwamba mtu hafunzwi vema mpaka awe kama mtoto wa yule anayemfunza. Katika makabila mengi ya bara, nafasi hiyo ilikuwa ya mjomba, shangazi, babu na bibi. Mvulana aliyeogopa kumkabili baba yake alikwenda kwanza kwa babu, na babu ndiye aliyelipeleka neno mahali pake.

Na sisi Wakatoliki tunalo jambo la kukumbuka. Sheria ya Kanisa yaagiza kwamba msimamizi wa ubatizo asiwe baba wala mama wa mbatizwa. Kwa nini? Si kwa kuwadharau wazazi, kwa maana wao ndio walezi wa kwanza. Ni kwa sababu mtoto apaswa kuongezewa mtu. Msimamizi ni mkono wa pili. Twasikitika kuona kwamba katika nyumba nyingi mkono huo huonekana siku ya picha na pilau, kisha hauonekani tena mpaka siku ya arusi.

KWA NINI LEO NENO HILI NI ZITO

Zamani hapakuwa na haja ya kuhubiri juu ya ulezi wa namna hii, kwa sababu kijiji chenyewe kiliufanya. Siku hizi mambo yamebadilika. Mjomba yuko Mwanza, shangazi yuko Dar es Salaam, na babu amebaki kijijini peke yake. Baba hutoka nyumbani alfajiri na kurudi watoto wamelala. Mama naye yu sokoni au kazini. Jirani twamsalimu kwa adabu, lakini mtoto wake tukimwona anakosea twapita kimya, tukiogopa kuambiwa kwamba tunajiingiza katika yasiyotuhusu.

Shule nazo zimejaa. Tangu Januari 2016 serikali yetu ilipofuta ada mpaka kidato cha nne, watoto wengi waliokuwa wakibaki nyumbani wamepata kuingia darasani, nasi twashukuru. Lakini mwalimu mwenye watoto wengi mbele yake hawezi kumjua kila mmoja kwa jina, sembuse kwa shida zake. Hatumlaumu mwalimu. Twasema tu kwamba hesabu inamshinda. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba sisi Watanzania tumefika 61,741,120, na zaidi ya watu wanne katika kila kumi walikuwa hawajatimiza miaka 15. Nyumba yenye watoto wengi kiasi hicho haiwezi kuwaachia kazi baba, mama na mwalimu peke yao.

Na tusidhani kwamba nafasi ya kungwi ikiachwa wazi itabaki wazi. Itajazwa. Siku hizi kijana mwenye simu ya mkononi anao makungwi elfu, wa usiku na wa mchana. Wanamfundisha namna ya kupata fedha kwa siku moja, namna ya kumtazama mwanamke, namna ya kucheza kamari kwa shilingi chache. Wamo na wanaofundisha mema, hatukatai. Lakini hakuna hata mmoja katika hao atakayegundua kwamba juzi kijana huyu hakula, au kwamba jana alilia. Simu yaweza kusema na kijana, lakini haimjui.

MLEZI NI NANI?

Hapa yafaa tufafanue maana, kwa sababu watu wengi wana nia njema lakini wamekosea njia. Mlezi tunayemsema si mtoa hotuba. Kumsimamisha kijana sebuleni na kumsomea makosa yake kwa nusu saa si ulezi. Wala si mfadhili tu. Kulipa karo ni tendo jema sana, lakini yuko mtu aliyelipiwa karo miaka sita na asimjue aliyemlipia zaidi ya jina lililo kwenye risiti. Wala si mwalimu wa somo fulani, ingawa mwalimu aweza kuwa mlezi pia.

Mlezi ni mtu mzima anayemkaribisha kijana karibu na maisha yake na kazi yake, akamwacha aone namna mtu mzima anavyofanya kazi, anavyokosa, anavyotengeneza alipokosa, anavyotunza fedha, na anavyosema na mkewe au mumewe. Humpa kijana kazi iliyo kubwa kidogo kuliko nguvu zake, kisha husimama karibu. Na kijana anapoiweza kazi hiyo, mlezi humwongezea nyingine, mpaka ifike siku ambapo hamhitaji tena. Ndiyo maana twasema kwamba mlezi mwema hujulikana asipokuwapo. Tumpime kwa yale ambayo kijana huweza kuyafanya peke yake.

MFANO WA KWANZA: FUNDI ALIYEFUNDISHA MIAKA MINNE

Katika nchi yetu uko mfano ambao unafaa kusimuliwa kila nyumba. Wengi mmeona michoro ya Tingatinga, yenye ndege, chui na tembo wa rangi za kung’aa. Wengine hudhani Tingatinga ni jina la mtindo tu. Lilikuwa jina la mtu. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika sehemu za Tunduru, kusini mwa nchi. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge huko Tanga, kisha akaja Dar es Salaam na kufanya kazi za nyumbani pamoja na vibarua vya namna nyingi. Hakupata kuingia chuo cho chote cha sanaa.

Mwaka 1968 alianza kuchora, akitumia vitu alivyoweza kuvipata: mbao nyembamba za dari na rangi za kupakia baiskeli. Michoro aliiuza Oysterbay, karibu na duka la Morogoro Stores, ambako wageni walipita. Biashara ikaanza kumwendea vizuri. Na hapa, wasomaji, ndipo tulipo na jambo la kujifunza. Mtu mwingine angeificha siri yake, ili soko liwe lake peke yake. Tingatinga hakufanya hivyo. Aliwakaribisha vijana wachache, wengi wao wakiwa nduguze na watu wa kwao, wakakaa naye na kuchora naye. Miongoni mwao walikuwa Ajaba Abdallah Mtalia, Simon Mpata na Omari Amonde.

Mwaka 1972 Tingatinga aliuawa mjini Dar es Salaam kwa risasi ya polisi waliomdhania kuwa mhalifu. Alikuwa na umri wa miaka 40 hivi, na alikuwa amechora kwa muda wa miaka minne tu. Kama angalikuwa mtu wa kuficha ujuzi wake, kazi yake ingalizikwa pamoja naye, nasi leo tusingalijua kwamba alipata kuishi. Lakini wale vijana walibaki. Wakaendelea kuchora mahali pale pale, wakafundisha wengine, na hao wakafundisha wengine tena. Mwaka 1990 wakasajili chama chao cha ushirika. Simon Mpata aliupeleka uchoraji huo Kenya, na hoteli moja ya huko Masai Mara ikapewa jina lake. Leo michoro ya Tingatinga yajulikana Ulaya hata Japani, na familia nyingi zimekula, zimejenga na zimesomesha watoto kwa brashi zile.

Tufikiri vema juu ya jambo hili. Ni miaka minne tu, na vijana wachache, wala hapakuwa na jengo, mtaala wala cheti. Palikuwa na mtu aliyekubali kutazamwa akifanya kazi. Basi ye yote asemaye, “Mimi sina elimu, nitamfundisha kijana nini?” na amtazame Tingatinga.

MFANO WA PILI: MLANGO ULIOFUNGULIWA TABORA

Mfano wa pili ni wa namna nyingine. Mwaka 1946 kijana mmoja aliyetoka Chuo cha Makerere alianza kufundisha katika shule ya St. Mary’s, Tabora. Alikuwa na miaka 24, mwana wa chifu wa Wazanaki, na baba yake alikuwa amekwisha kufariki. Jina lake ni Julius Kambarage Nyerere. Mkuu wa shule hiyo alikuwa Padre Richard Walsh wa Shirika la White Fathers.

Nyerere hakuwa mtoto wa kufundishwa kusoma. Alikuwa mwalimu kamili. Lakini hata mtu mwenye akili nyingi aweza kusimama mbele ya mlango asioujua. Padre Walsh aliuona uwezo wake, akamtia moyo asiridhike na alipofika, bali aendelee na masomo ya juu zaidi. Mwaka 1949 Nyerere alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, na mwaka 1952 akarudi na shahada yake. Miaka miwili baadaye, tarehe 7 Julai 1954, chama cha TANU kilizaliwa naye akiwa kiongozi wake. Yaliyofuata kila mtoto wa shule ayajua.

Hatusemi kwamba Padre Walsh ndiye aliyemfanya Nyerere kuwa Mwalimu wa taifa. Kusema hivyo ni kumpunja Nyerere, pamoja na wazee na walimu wengi waliomlea. Twasema hivi tu: mara nyingi kijana hakosi akili, bali hukosa mtu wa kumwambia, “Hili unaliweza, nami nitakuonyesha pa kuanzia.” Neno hilo halimgharimu mtu senti moja, lakini lataka mtu aliyekwisha kumtazama kijana kwa makini.

Na liangalieni jambo jingine. Mlezi huyu hakumng’ang’ania kijana wake. Shule yake ilipoteza mwalimu hodari ili nchi ipate mtu aliyefikia kipimo chake. Mlezi anayemzuia kijana asiende mbele kwa sababu anafaa sana hapa nyumbani hajawa mlezi bado.

USHAHIDI WA WATAFITI

Msomaji mwenye mashaka aweza kusema, “Hao ni watu wa pekee. Mwanangu ni mtu wa kawaida.” Basi na tusikilize watu waliowafuata watoto wa kawaida kwa miaka mingi.

Katika kisiwa cha Kauai huko Hawaii, mtaalamu Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955, tangu kuzaliwa mpaka utu uzima. Theluthi moja hivi ya watoto hao walizaliwa katika mashaka mengi: umaskini, ugomvi nyumbani, mzazi mlevi au mwenye maradhi ya akili. Ungetazamia wote wapotee. Wengi walipata taabu kweli, lakini mmoja katika kila watatu wa kundi hilo lenye mashaka alikua mtu mzima imara, mwenye uwezo na mwenye kuwajali wenzake. Watafiti walipotafuta sababu, mojawapo ilikuwa hii: watoto hao walikuwa na walau mtu mmoja aliyewakubali kwa moyo wote. Mara nyingi alikuwa bibi, shangazi, jirani au mwalimu. Hakuondoa umaskini wao wala hakuuponya ulevi wa baba. Alikuwapo tu, naye alikuwapo siku zote.

Ushahidi wa pili watoka Marekani. Mwaka 1904, mjini New York, karani wa mahakama ya watoto aliyeitwa Ernest Coulter alichoka kuona wavulana wakiletwa mbele ya hakimu mmoja baada ya mwingine. Akawaomba watu wazima, kila mmoja ajitwalie kijana mmoja na kuwa kwake kama kaka mkubwa. Katika mbegu hiyo kikakua chama kiitwacho Big Brothers Big Sisters. Mwaka 1995 watafiti walitoa taarifa juu ya vijana 959 wa miaka 10 hadi 16 waliokuwa wameomba kupewa walezi na chama hicho. Nusu yao walipewa mara moja, nusu wakaambiwa wangoje miezi 18. Muda huo ulipokwisha, ilionekana kwamba uwezekano wa kuanza kutumia dawa za kulevya ulikuwa pungufu kwa asilimia 46 kwa wale wenye walezi kuliko kwa waliongoja. Uwezekano wa kuanza kunywa pombe ulikuwa pungufu kwa asilimia 27. Tena siku walizotoroka shule zilikuwa kama nusu tu ya zile za wenzao. Na walezi hao hawakuwa mabingwa. Walikuwa watu wa kawaida, na wengi wao walionana na vijana mara tatu au zaidi kwa mwezi, saa tatu au nne kila mara.

Lakini upo upande wa pili wa habari hii, nao ndio unaotufaa zaidi. Mwaka 2002 Jean Grossman na Jean Rhodes walitazama muda ambao ulezi huo ulidumu. Waliona kwamba faida kubwa ilipatikana pale mlezi alipokaa na kijana mwaka mzima au zaidi. Na pale alipoacha kabla ya miezi mitatu kupita, kijana alishuka, akajiona hafai kuliko alivyojiona mwanzo. Maana yake ni wazi. Kijana aliyekwisha kuachwa na mmoja, akiachwa na wa pili, huhitimisha kwamba kosa ni lake. Kwa hiyo usianze kwa shangwe ya siku moja. Ni heri kutoahidi kuliko kuahidi na kutoweka.

FAIDA ZAKE

Kutokana na hayo twaweza kuzihesabu faida za ulezi huu.

Kwanza, kijana hupata macho mengine. Mzazi humwona mwanawe kwa macho ya hofu na mapenzi, naye kijana humwona mzazi kama mtu wa kumkataza. Mlezi anaposema neno lile lile lililosemwa na mama, kijana husikia kama jipya. Mama asione wivu kwa hilo, bali ashukuru kwamba neno lake limepata mdomo wa pili.

Pili, kijana hupata kazi mikononi. Mtu aliyekwisha kutengeneza kiti kikakaliwa, au aliyepanda mbegu akavuna, hajidharau kwa urahisi. Tena ujuzi wa namna hiyo wahesabiwa: mamlaka ya ufundi stadi, VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, huwapima hata watu waliojifunzia kazini na kuwapa vyeti.

Tatu, mlezi mwenyewe hufaidika. Anayemfundisha mwingine hulazimika kuitazama upya kazi yake. Maswali ya kijana humwondolea mazoea. Na kwa mzee aliyestaafu, aliyekuwa akihesabu siku kibarazani, kijana mmoja anayekuja kila Jumamosi ni dawa kuliko dawa nyingi.

Nne, taifa hufaidika. Ujuzi usiorithishwa hufa pamoja na mwenyewe. Fundi wa mashua akifa bila mwanagenzi, mashua imekufa. Mkunga hodari, mfugaji hodari na mwandishi hodari, wote wako hivyo hivyo.

TUJIHADHARI

Ingekuwa udanganyifu kusifu jambo hili bila kutaja hatari zake, kwani ziko, na nyingine ni mbaya sana.

Yuko anayemchukua kijana kwa jina la kumlea, kumbe ametafuta mtumishi asiyelipwa. Kijana huosha magari, huchota maji, hulea watoto wadogo, na mwaka ukipita hajajua hata kushika randa. Huo ni unyonyaji. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema kwamba mtoto ni kila mtu aliye chini ya miaka 18. Yasema pia kwamba asifanye kazi kabla ya kutimiza miaka 14, na kwamba akiisha kutimiza, kazi yake isiwe ya kumdhuru afya wala kumzuia kusoma.

Yuko na mwovu kuliko huyo, anayejifanya mlezi ili amharibu mtoto. Tusione haya kulisema, maana haya yetu ndiyo maficho yake. Mwovu huyo aweza kuwa jirani, ndugu, mwalimu, au mtu wa dini. Basi kanuni iwe moja kwa wote, bila kujali cheo: ulezi hufanyika mahali pa wazi, wazazi wakijua, na bila siri. Mtu mzima anayemwambia mtoto, “Usimwambie mama,” amekwisha kujitangaza. Zawadi zisizo na sababu, ujumbe wa simu wa usiku, safari za wawili peke yao, yote haya ni dalili za kuulizia. Mtoto akileta neno, asikilizwe kwanza, asikemewe. Namba ya simu ya msaada kwa mtoto ni 116, na kuipiga hakuna malipo.

Tena yuko mlezi mwema anayekosea kwa kupenda mno. Huyu hutaka kijana awe nakala yake. Alikuwa karani, basi na kijana awe karani. Au humvuta kijana mpaka asahau kwao na kuwadharau wazazi wake maskini. Mlezi ni mkono wa pili, si mkono wa badala. Kijana anayetoka kwa mlezi akiwa anamheshimu mamaye kuliko alipoingia, huyo ndiye aliyelelewa.

TUANZE WAPI?

Ninyi wazazi, kaeni kitako mwulizane: mwanetu ana mtu gani mzima wa kumwendea tusipokuwapo sisi? Kama hayupo, mtafuteni. Msitafute tajiri. Tafuteni mtu mwaminifu, mwenye kazi anayoijua, asiyechoka upesi na maswali. Mwendeeni kwa adabu, kama wazee wetu walivyomwendea kungwi, mkamwambie wazi mnachoomba, naye awaambie wazi anachoweza. Kama yuko msimamizi wa ubatizo au wa kipaimara, anzeni na huyo. Alikwisha kukubali tangu zamani. Yafaa akumbushwe tu.

Ninyi watu wazima mlio na ujuzi, msingoje kuombwa. Chagueni mmoja, wala msichague kumi. Mwenye kuchukua kumi hamlei hata mmoja. Wekeni siku moja katika juma na kuishika. Mpeni kijana kazi ya kweli, akikosea mwonyesheni palipoharibika, akiiweza mwambieni ameiweza. Kusifu kazi iliyofanywa vema si kudekeza. Na mkijua kwamba mtahama au mtashindwa, mwambieni mapema na kumwaga kwa heshima, asije akadhani amefukuzwa.

Nanyi vijana, neno moja tu. Msikae mkilalamika kwamba wazee hawawajali. Wazee wengi hawajui kwamba mnawahitaji. Wanadhani mmekwisha kuyajua yote kwa simu zenu. Nenda kwa fundi, msalimu, mwulize swali moja la kweli juu ya kazi yake. Fika tena kesho yake. Ni wachache sana wanaomfukuza kijana aliyefika mara ya tatu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Ni nani, asiye mzazi wako, aliyekufunza jambo ambalo unalitumia mpaka leo? Alikufunza kwa maneno au kwa kukuacha utazame?

2. Watoto wetu wana mtu gani mzima wa kumwendea na neno wasiloweza kutuambia sisi? Je, sisi twamjua vema mtu huyo?

3. Ni ujuzi gani uliomo katika nyumba hii ambao utapotea kama hakuna atakayeurithi?

4. Wasimamizi wa ubatizo wa watoto wetu ni nani, na mara ya mwisho walizungumza na watoto hao lini?

5. Katika mtaa wetu, ni kijana gani ambaye kila mtu humsema na hakuna anayesema naye?

Wasomaji wapenzi, swali la tano msilipite haraka. Mkiisha kulitaja jina la kijana huyo, msiishie hapo. Mmoja wenu Jumamosi hii na amwite kwa jina lake, ampe kazi ndogo ya kufanya pamoja naye, na Jumamosi ifuatayo amwite tena.